Mitetea wa Evarista

Jumatatu, 20 Januari
Nesi wa kliniki kasema tuwe tunaandika siku za mtoto, anavyonyonya na anavyolala. Evarista hataki kuandika, kwa hiyo naandika mimi. Mwandiko wangu mzuri, hilo hata mwalimu wa darasa la saba alilisema mbele za watu.

Mtoto ananyonya, analala, na akiamka ananuna kama babu yake. Hayo yametosha. Sasa niandike habari ya kuku.

Kwenye ukoo wetu, tangu kwa bibi yangu mzaa mama, binti akija nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, mama yake anamwekea mitetea. Binti anakaa, mitetea wanakua. Siku mtetea wa kwanza anapotaga, wakwe wanaitwa, na binti anarudi kwa mumewe, mtoto mgongoni, kuku kwenye tenga. Mimi nilirudi kwa mume na mitetea sita na mpaka leo wifi zangu wanawasimulia. Evarista nimemwekea tisa. Ameolewa Uyole, Mbeya, kwa Wanyakyusa, na sitaki huko waseme Wahehe wa Nyololo walileta kuku wa kuhurumia.

Baba Eva kawaleta leo kutoka Mafinga, chotara, wana miezi mitatu. Wekundu watano, weusi watatu, na mmoja mweupe anayesimama kifua mbele. Huyo nimemwita Mwenyekiti. Jamani, ni wazuri. Nimewaangalia mpaka uji ukaungua.

Uwanja wao wa waya nimeuweka mbele ya nyumba, unatazama barabara kuu. Baba Eva alitaka tuuweke nyuma, karibu na jiko. Nikamwambia kuku kama hawa hawafichwi nyuma ya jiko. Malori ya Zambia, mabasi ya Mbeya, wote wapite wakiona kwa Faustina kuna nini.

Jumatano, 22 Januari
Mvua kutwa. Kuku hawakutoka.

Jumapili, 26 Januari
Baada ya misa watu wamejaa hapa, wa kumwona mtoto na wa kuwaona kuku. Niliwapitisha wote, chumbani kwanza kisha bandani. Chumbani Evarista alikuwa amelala kaangalia ukuta. Nikasema amechoka. Bandani mitetea wote tisa walikuwa wamejikunja kona ya nyuma, wamebanana, vichwa ndani. Nikasema nao wamechoka, safari ya Mafinga.

Yusta, jirani yangu wa upande wa kushoto, akashika waya akachungulia weee.
"Mama Eva, hawa kuku wako kwenye msiba wa nani?"
Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ungefanyaje. Ila Yusta hajawahi kufuga hata kifaranga mmoja, mdomo wake ndio anaoufuga.

Alhamisi, 30 Januari
Kapiga simu Mama Asukile, mama wa mume wa Evarista, mkwe wangu wa Uyole. Yule mama ana sauti ya taratibu, kila akiongea naona kama ananipima.
"Mkwe, mugonile. Mjukuu anaendeleaje?"
"Anaendelea vizuri, mkwe, na kuku nao usiseme. Wanaruka, wanakimbizana, banda haliwatoshi. Pasaka haiwapiti, watakuwa wanataga. Nyie andaeni pa kuwaweka tu."
"Na Eva?"
"Eva mzima kabisa."
Wakati nasema hivyo kuku walikuwa konani na Eva alikuwa chumbani. Lakini Pasaka ni mbali, na mimi nikisema neno huwa linafuata.

Jumatatu, 3 Februari
Mwewe anazunguka juu. Nimetumia akili: nimezitafuta CD za zamani za kwaya yetu, zile tulizorekodi Iringa, nikazifunga kwa uzi juu ya uwanja wote. Jua likizipiga zinamulika mpaka barabarani. Dereva wa lori alipunguza mwendo kuangalia. Nimefurahi sana.

Jumatano, 5 Februari
Mwewe haji tena. Kuku nao hawatoki tena. Zamani walikuwa wanasogea mpaka kwenye maji, sasa hata maji lazima niwapelekee kona ile ile kama wagonjwa. Mmoja mwekundu amedonolewa mgongo mpaka damu. Nimempaka majivu.

Evarista naye nimempelekea chai na viazi chumbani, kala kidogo.
"Toka nje, mwanangu, ukae juani, watu wanataka kumwona mtoto."
"Ndiyo maana sitoki, Mama," kasema, akageuka.
Nilikasirika. Mimi nilipomzaa yeye, wiki ya pili nilikuwa shambani. Nikaenda kufua kwa hasira mpaka shuka ikachanika.

Alhamisi, 6 Februari
Mvua. Kona ile ile.

Alhamisi, 13 Februari
Leo naandika habari mbaya.

Kwenye saa nne asubuhi nilikuwa na Yusta pale mbele. Alikuja kuomba chumvi, na nilikuwa namwonyesha jinsi Mwenyekiti alivyoanza kunenepa. Lori la mizigo likawa linapita, likapasuka tairi hapo hapo mbele yetu. Mlio ule sijui niufananishe na nini. Chumvi ilimwagika, Yusta akakaa chini bila kupenda, na mimi nikamwita Mama Maria.

Tulipoinuka, kuku hawaonekani. Kumbe wamepandana kona ya nyuma, wote tisa, mmoja juu ya mwingine, wanasukumana kuingia ardhini, na wa chini anapiga mabawa, halafu hapigi tena. Mimi nikawa nahangaika na kamba ya mlango. Ile kamba niliifunga mwenyewe, mafundo manne, eti wezi. Haifunguki. Yusta anasema, "Kata, kata," kisu kiko jikoni.

Hapo nikamwona Evarista. Sikumwona akitoka, nilimwona tu yuko pale, miguu mitupu, kanga imefungwa kiunoni, mtoto kamwacha kitandani. Hakuhangaika na mlango. Alinyanyua waya kwa chini, ule upande ambao Baba Eva hakuupigilia vizuri, akalala kifudifudi kwenye tope, akaingiza mikono. Akawa anawatoa mmoja mmoja na kuwaweka pembeni, anawaambia kwa sauti ndogo, "Basi, basi, basi, imekwisha." Kuku wale ambao wakiniona mimi wanakimbia, kwake wakatulia kila alipowaweka.

Wa mwisho, yule mweusi mdogo, alikuwa amekufa. Alikosa hewa.

Evarista akakaa pale na kuku mapajani, akalia. Sio kilio cha kuku kile. Mama anajua. Nikakaa naye kwenye tope. Yusta, sijui nani alimtuma, aliingia ndani akatoka na mtoto, akawa anamtembeza kibarazani anamwimbia, akaondoka bila hata ile chumvi aliyokuja kuomba. Hakusema neno. Yusta, hakusema neno.

Ijumaa, 14 Februari
Baba Eva kamzika kuku nyuma kwenye miparachichi. Hatukumla.

Kasema, "Tuwahamishe nyuma."
Nikamwambia watu watasema nini, juzi niliwaonyesha, leo nawaficha.
"Watasema Mama Eva ana kuku nyuma."
Mwanamume huyu huwa haongei, siku akiongea anaudhi. Nimekataa.

Jumanne, 18 Februari
Haya, sikilizeni. Leo nimeona jambo.

Mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka kali. Nepi za mtoto zilijaa kamba yote, zilizobaki Evarista akazitandaza juu ya waya wa kuku, na kanga zake mbili. Nilitaka kumgombeza, nepi juu ya banda, mbele ya barabara, wapita njia wataona. Sikuwahi. Mwenyekiti alitoka konani. Akasimama chini ya kanga, kwenye kivuli, akanyoosha shingo. Akafuata mwekundu mmoja. Wakafuata wengine. Kivuli cha nepi kinapoishia na wao wanaishia hapo hapo, kama kuna mstari. Wakaanza kuparura. Mara ya kwanza tangu waje nyumbani kwangu wanaparura ardhi kama kuku.

"Eva, njoo uone."
Akaja, mtoto begani, akasimama nyuma yangu. Tukaangalia.
"Walikuwa wanaogopa juu," kasema. "Hakuna kitu juu yao, Mama. Mbingu yote inawaangalia. Na hizo CD zako zinawamulika machoni."
"CD zangu zimefukuza mwewe."
"Zimefukuza na kuku."
Kisha akacheka. Kidogo tu, lakini nilisikia, na ningekuwa na kengele ya kanisa mkononi ningeipiga.

Alhamisi, 20 Februari
Nimewahamishia nyuma. Nimemwambia Baba Eva ni wazo langu. Kasema, "Zuri."

Jumamosi, 22 Februari
Sijawahi kufurahia kazi kama hii. Baba Eva, si yuko kiwandani kwenye mbao, kaleta mabanzi mkokoteni mzima na maranda magunia. Nusu ya uwanja tumeuezeka kwa mabanzi, nusu tumeacha wazi, ili wachague wenyewe. Upande wa wazi tumesimika matawi ya msindano na mabua ya mahindi, tumeyaegemeza kama vibanda vidogo, kuku akishtuka ana pa kukimbilia hatua mbili tu. Waya wa upande wa nje tumeufunika na magunia mpaka usawa wa magoti, mbwa wa njiani asiwachungulie. CD nimezifungua. Moja nimeiweka sebuleni, ina picha yangu.

Evarista ndiye anapanga. "Hapa acha uchochoro, Mama. Kona usiziache, weka banzi lililolala mshazari, wasipate pa kubanania." Huyu mtoto ana akili, na tusitafute mbali ametoa wapi.

Jumanne, 25 Februari
Wanatembea. Wote wanane.

Jumamosi, 1 Machi
Nilidhani kuku akishiba basi. Kumbe anataka kazi. Zamani nilikuwa nawawekea chakula kwenye sinia, wanakula, wanamaliza, wanadonoana. Sasa maranda yametandazwa chini, na Evarista anatupa chenga za mahindi humo ndani, zinapotea, nao kutwa nzima wanaparua kuzitafuta, maranda yanaruka huku na huku kama mafundi wako kazini. Kabichi tumeifunga kwa kamba, inaning'inia juu kidogo ya vichwa. Wanairukia, inabembea, wanaifuata. Baba Eva alikaa kuangalia hiyo kabichi mpaka ugali ukapoa, yeye ambaye mpira wenyewe huwa anausinzia.

Chini ya paa tumechimba shimo la kina cha kiganja, udongo mkavu na majivu ya jikoni. Wanaoga humo vumbi, wanajipindua mpaka unadhani wamekufa, kumbe ni raha. Kwa kulala, fito za duara za mkaratusi, na wamegombania ya juu siku mbili. Mwenyekiti kashinda. Niliwaambia.

Na Evarista ana kigoda chake pale pembeni. Anakaa na mtoto asubuhi, na jioni tena. Anaongea nao taratibu kabla hajafungua mlango, ili wamjue, ndiyo anafungua. Mimi nilikuwa naingia kama askari wa mgambo. Kanifundisha na mimi nibishe hodi kwa kuku. Nabisha.

Jumatano, 5 Machi
Majivu kanisani, majivu bandani. Siku njema.

Jumatano, 12 Machi
Leo, tukiwa tunachambua maharage pale kwenye kigoda, Evarista kaongea. Sikumuuliza. Mtoto alikuwa mapajani anaangalia kuku wanavyopita.

"Mama, kule Uyole sio wabaya."
"Nani kasema wabaya?"
"Wewe. Ulimwambia Baba, nilisikia."
Nikanyamaza, maana nilisema.
"Wananipenda. Mama mkwe ananipenda. Ila nyumba ile ina uwanja mmoja na milango sita. Ukikohoa, mashemeji wanajua. Watakuja kumwona mtoto, kila mmoja atamshika, kila mmoja ataniambia si hivyo anavyonyonyeshwa, si hivyo anavyobebwa. Na mimi bado sijui. Usiku nilikuwa namwangalia tu nikiwaza nitamvunja. Hapa ndio nimeanza kujua kidogo. Nikienda sasa hivi nitarudia kulala naangalia ukuta."
"Unataka kukaa mpaka lini?"
"Mpaka aweze kukaa mwenyewe. Akikaa, na mimi nitasimama."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilirudi kwa baba yake mtoto hajatimiza hata miezi mitatu. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Nikamwangalia, nikaangalia yale mabua tuliyoyasimamisha, nikanyamaza. Mimi kunyamaza mara mbili siku moja ni jambo la kuandikwa, ndiyo nimeliandika.

Halafu nikakumbuka utaratibu wetu. Mtetea wa kwanza akitaga, wakwe wanaitwa. Na mimi ndiye niliyesema Pasaka.

Alhamisi, 20 Machi
Vilemba vya kichwani vimeanza kuwa vyekundu, kwanza Mwenyekiti, ni dalili ya kutaga. Nilitaka kuruka kwa furaha, na niliruka, kisha nikakumbuka. Sasa naishi hivyo. Kila wakichangamka nafurahi, kila nikifurahi nahesabu siku zilizobaki. Nimefikiri kuwapunguzia chakula wachelewe. Nikaenda na kopo nusu. Wakanikimbilia wote wanane mpaka mlangoni, wale waliokuwa wananikimbia. Nikarudi nikajaza kopo.

Jumatatu, 31 Machi
Mvua kubwa na mawe. Zamani wangepandana wakafa. Leo waliingia chini ya mabanzi kwa mguu, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka misa. Evarista alikimbilia huko huko na mtoto, nikawakuta wote chini ya paa moja. Nilicheka mpaka nikakaa.

Ijumaa, 11 Aprili
Wanachuchumaa ukiwagusa mgongo. Kila mfugaji anajua hiyo ni dalili gani. Evarista pia anajua.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka
Hakuna yai. Yusta kaja na maandazi, kaniuliza mbele ya wageni, "Mama Eva, Pasaka yako hii ni ya mwaka huu au ya mwakani?" Sijawahi kufurahia kuchekwa kama leo. Nikala maandazi matatu.

Alhamisi, 24 Aprili
Yai.

Kwenye ndoo kuukuu ya maranda tuliyowawekea ya kutagia, na ni la Mwenyekiti. La kahawia, dogo, lina doa la damu, na bado la moto. Nimelishika kwa mikono miwili. Nimefuga kuku maisha yangu yote na nimelishika yai hili kama sijawahi kuona yai. Hawa ni kuku waliokuwa wanasubiri kufa konani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite Yusta, niite barabara nzima, niwaite na wale wa basi la Mbeya.

Nikafunga mdomo. Nikaliweka yai kwenye mfuko wa aproni, nikaenda kwa Evarista, nikamwonyesha. Akalishika, akatabasamu hivi, kisha tabasamu likashuka lenyewe.
"Utawaambia nini?" kaniuliza.
"Nani kasema nitawaambia?"

Jumamosi, 26 Aprili
Mayai mawili.

Jumapili, 27 Aprili
Mama Asukile kapiga simu.
"Mkwe, kuku vipi?"
"Bado, mkwe."
Akakohoa kidogo. Hajazoea jibu fupi kutoka kwangu.
"Basi Jumamosi tutakuja na Asukile kumwona mtoto. Tukikuta wameanza, tutaondoka nao. Tukikuta bado, tutaona."
Nimewaza kutafuta pa kuwaficha. Kuku wanane unawaficha wapi. Mayai nimeyafukia kwenye debe la unga.

Jumamosi, 3 Mei
Wamekuja. Asubuhi ilikuwa na ukungu, baridi imeanza kweli. Mama Asukile kaja na mchele wa Kyela na ndizi, na Asukile kabeba kila kitu, kijana mpole, alipomchukua mtoto alimshika kama anashika yai, hapo nilimpenda upya. Nikawapa chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha. Baba Eva kakaa, kanyamaza kama kawaida. Na Yusta, hakuitwa, kaja kusalimia wageni, kakaa kwenye mkeka kabisa. Nikajua leo nitasikika mpaka Makambako.

Mama Asukile akanywa chai, akaweka kikombe.
"Sasa, mkwe. Habari ya kuku."

Evarista alikuwa mlangoni anafunga kanga ya mtoto, mikono ikasimama. Mimi nimesema mambo mengi maishani, na mengi yalikuwa ya kusifu vya kwangu. Hili lilikuwa zito kulitoa kuliko yote.

"Mkwe, kuku wangu wamenishinda."
Baba Eva aliinua macho.
"Wamekuwa waoga," nikasema. "Mimi nilijisifu mapema, nikawaweka barabarani, wakashtuka, mmoja akafa. Nguvu zao hazijarudi. Hawajataga. Mkiwabeba sasa hivi kuwapeleka pahali pageni, penye watu wengi na kelele, watarudi konani. Naomba muwaache kwanza. Mpaka baridi iishe. Na mwenye kuku akae na kuku wake."

Sikumwangalia Yusta. Nilikuwa naangalia meza, na masikio yalikuwa ya moto.

Kabla Mama Asukile hajajibu, nyuma ya nyumba, Mwenyekiti akaanza. Ko, ko, ko, ko-kodeee. Kwa sauti yote aliyopewa. Akamaliza, akarudia. Wenzake wakamjibu. Hakuna mtu aliyezaliwa kwenye nyumba yenye kuku asiyejua kuku akilia hivyo amefanya nini.

Asukile akamwangalia mama yake. Baba Eva akaangalia dari. Mimi nikatamani ardhi ipasuke, tena ianzie pale bandani.

Mama Asukile akachukua kiazi, akakimenya polepole, ganda lote likatoka zima. Akamgeukia Yusta.
"Jirani, naona kuku wako wanataga vizuri."
Yusta. Ambaye hajawahi kufuga hata kifaranga.
"Wanataga sana, mama," kasema, uso mkavu kama ubao. "Na makelele yao, tutafanyaje. Mama Eva wa watu hapati hata usingizi, wa kwake bado."
"Poleni," kasema Mama Asukile.
"Tumeshazoea."

Asukile akaanza kukohoa, akasema ni kiazi. Evarista alijificha uso kwenye mgongo wa mlango, mabega yanacheza.

Tukaenda bandani, mimi na mkwe wangu wawili tu. Alibisha hodi kabla hajaingia. Sikumwambia abishe. Akasimama chini ya mabanzi, akaangalia mabua, kabichi inayobembea, shimo la majivu na mwekundu mmoja akijipindua ndani yake. Mwenyekiti akapita katikati ya miguu yake kama mwenye nyumba.
"Waoga kweli," kasema.
"Sana, mkwe."
"Nilipomzaa Asukile," kasema, bado anaangalia kuku, "nilirudi mapema. Nilikuwa nakwenda kulia kwenye shamba la migomba, huko ndio kulikuwa na majani ya kunificha. Nikarudi nimenawa uso, wakasema mkamwana huyu anapenda shamba." Akacheka kwa pua. "Pale kwetu kuna chumba cha nyuma, kina mlango wake na kiambaza chake. Wanaweka mbolea. Nitamwambia Asukile akitoe. Baridi ikiisha, mtoto akishakaa, mtuambie kuku wameanza. Sisi tutaamini."

Akainama, akaingiza mkono kwenye ndoo, akatoa yai. Tukaliangalia wote wawili, linatoa mvuke kwa baridi. Akanishikisha, akavifunga vidole vyangu juu yake.
"Kampelekee jirani yako yai lake," kasema.
Nilimshika mkono. Kwa Kinyakyusa najua neno moja tu la asante, ndaga, nikalisema mara tatu.

Wameondoka na basi la mchana. Evarista aliwasindikiza mpaka barabarani, mbele za watu wote, mtoto mgongoni, akapunga mkono mpaka basi likapotea. Yusta amepata yai lake. Kalikaanga.

Jumapili, 4 Mei
Leo mayai matano, kwa kuku wanane, kwenye baridi hii. Hakuna nyumba Nyololo nzima yenye kuku kama wangu. Na siwezi kumwambia mtu.